Usikanyage Mkeka

Siku ya kwanza ya maonyesho, watu wa Kasese waliionja nyumba ya Nobert. Sisemi hivi kwa kuwasengenya. Niliwaona kwa macho yangu, maana nilikuwa nimekaa hatua kumi tu kutoka pale. Nobert ni mchoraji kutoka Mahango, na alikuwa amejenga chumba kizima kwa mabamba ya chumvi ya ziwa la Katwe, chumba kisicho na paa, kwa ukumbusho wa nyumba ya babu yake iliyobebwa na mafuriko. Ilikuwa kazi ya miezi miwili. Basi akaingia mzee mmoja na mkewe, wakaizunguka, wakanong'onezana. Mzee akalamba kidole, akakisugua ukutani, akakirudisha mdomoni. "Ni ya Katwe kweli," akamwambia mkewe. Mkewe naye akaonja, kuhakikisha. Kufika saa sita mchana kona moja ya nyumba ilikuwa inang'aa kwa mate ya watu.

Mackline, binti aliyeandaa maonyesho, akakimbia dukani akarudi na kamba ya buluu, ile ya kufungia mbuzi. Akaizungushia nyumba ya chumvi. Kamba ikabaki nyingi, na kwa kuwa Mackline ni mtu asiyependa upendeleo, akazizungushia kazi zote sita, na ya kwangu pia. Kila mahali akabandika karatasi iliyoandikwa kwa kalamu nene: USIGUSE. Kwangu alifikiri kidogo, kisha akaandika: USIKANYAGE MKEKA.

Nilimwambia, "Mackline, mukeka ni ya kuikalia."

"Najua, Mama Wivine. Lakini watu watachafua. Jumamosi wageni ya Kampala iko nakuja."

Ningemweleza ukweli siku ile, labda angeitoa kamba. Lakini ukweli wenyewe nilikuwa nimeuingiza kwa mlango wa nyuma, na mwizi haendi polisi kulalamika.

Mimi nashona nguo Bwera, karibu na soko la Mpondwe, kwenye kibaraza cha bati. Nilivuka mpaka kutoka Butembo, Kongo, pamoja na Fidèle, mume wangu, vita vilipozidi. Yeye alinunua kakao upande wa Beni akaiuza upande huu. Miaka minne iliyopita, siku ya Jumanne, alipanda pikipiki akaenda, kwa barabara ambayo kila mtu alijua ni mbaya na kila mtu aliendelea kuipita. Wiki ile waasi walichoma magari. Pikipiki yake ilikutwa kando ya barabara, imesimamishwa vizuri kwa stendi yake, ufunguo umo ndani. Yeye hakukutwa. Hakukuwa na maiti, hakukuwa na kiatu, hakukuwa na mtu aliyesema nilimwona akikimbia.

Mwaka wa kwanza nilingoja. Mwaka wa pili nikajua. Usiniulize nilijuaje. Asubuhi moja nilimimina chai, nikaona nimetoa kikombe kimoja tu kabatini, na mkono wangu haukurudi kutafuta cha pili. Nililia siku ile mpaka sauti ikakauka, peke yangu, mlango umefungwa. Kilio hicho hakikunisaidia chochote. Mama yangu alikuwa akisema kilio cha mtu mmoja ni wazimu, cha wawili ndicho msiba.

Basi nikanunua kitenge, buluu nzito yenye majani madogo meupe, jora zima. Kwetu mtu akifa, wanawake wa msiba huvaa kitambaa kimoja, ili anayeingia ajue nani wa kumpa pole. Nikakata gauni kumi na mbili. Vipimo nilivitoa kichwani. Ya mama mkwe niliikata fupi mbele kwa sababu mgongo wake umepinda. Za mawifi wanne, na ya Masika, mkubwa wao, nikaipanua mikono, maana Masika ni mtu wa mwili. Za wake wa mashemeji mbili. Za majirani zetu wa Butembo mbili, ya dada yangu Alliance, na ya rafiki yangu Chérie, ambaye hata msibani hukubali tu nguo iliyobana kiuno. Hizo ni kumi na moja. Ya kumi na mbili ilikuwa yangu.

Nilipomaliza nikampigia simu Mbusa, kaka yake Fidèle, Butembo. Nikamwambia nguo ziko tayari, wapange siku.

"Nguo ya matanga ya nani?" akauliza.

"Ya Fidèle."

"Wivine, uliona maiti?"

"Hapana."

"Uliona hata kiatu?"

"Hapana."

"Basi siye hatuliake mutu wenye hatujaona. Ukimulia, njo utakuwa umemuua weye. Ngoja."

Ngoja. Neno jepesi sana kwa mtu ambaye mke wake amelala pembeni. Nilikwenda kwa padri, naye alikuwa mpole, akasema misa ya kumwombea Fidèle ataisoma hata kesho, lakini misa ya wafu mpaka familia ikubali. Kwa hiyo nikawa mtu asiye na upande. Hili halionekani sana nyumbani, linaonekana kwenye misiba ya watu. Ukiingia msibani Bwera, wajane wamekaa kwao, karibu na mfiwa, na wenye waume wamekaa kwao. Mimi nilikuwa nasimama mlangoni natafuta kwangu. Mara ya kwanza nilisimama mpaka watu wakaanza kunitazama. Mara ya pili nikapita moja kwa moja uani nikaanza kuosha sufuria. Tangu hapo nimeosha sufuria za misiba ya Bwera nzima, na wenyewe wananisifu kwamba nina moyo wa kusaidia. Njiani salamu yangu ikawa moja: "Mama Wivine, umesikia kitu?" Najibu, "Bado." Wanasema, "Mungu yuko," kisha wanaharakisha kama wameacha chungu motoni.

Gauni za wengine nilizitundika kibarazani kwangu. Wateja walitaka kuzinunua, nikakataa. Hapo ndipo Mackline aliponikuta mwaka huu, alipokuja Mpondwe kutafuta vitambaa. Alisimama mbele ya zile gauni kumi na moja muda mrefu, akazigusa mikono mmoja mmoja.

"Mama, hizi ni za nani?"

"Za benye hawakuya."

Akanitazama kama mtu aliyeokota kitu njiani. Akanieleza kwamba anakusanya wasanii sita, kila mmoja na kazi yake, wote juu ya jambo moja. Jambo lenyewe limeandikwa tayari kwenye kitambaa cha kutundika mlangoni: ASIYEKUWEPO. Mwingine anajenga nyumba ya chumvi, Asuman amepiga picha za mitumbwi ya wavuvi wa Hamukungu isiyo na watu ndani, mwingine ana kofia za wachimbaji wa shimo la zamani la madini. Akasema gauni zangu ni sanaa. Nikamwambia ni nguo. Akacheka, akasema ni vyote viwili.

Mimi nilikuwa nasikiliza nusu nusu, mpaka nilipouliza, "Batu batakuya?"

"Watu mingi."

"Siku ngapi?"

"Tatu. Alhamisi mpaka Jumamosi."

Nikainama nikajifanya natafuta sindano, ili asione uso wangu. Kwetu matanga ni siku tatu. Sasa, matanga hayaombwi. Huwezi kwenda kwa jirani ukamwambia njoo ukae kwangu, nimefiwa. Mtu husikia, huona mkeka, huja mwenyewe akaketi, na asipoketi, basi huna msiba, una kelele zako tu. Familia ilikuwa imenifungia mlango huo. Lakini sanaa haihitaji ruhusa ya shemeji. Ningetandika mikeka yangu mbele ya watu, ningevaa gauni la kumi na mbili, na katika siku tatu mtu mmoja tu akiketi, mmoja, asiye wa nyumba yangu, Fidèle atakuwa amekufa kama watu wanavyokufa. Nami ningepata upande wa kukaa.

Nilibeba mikeka minne, picha ya Fidèle yenye fremu, rozari, termosi mbili za chai, na vikombe ishirini. Mackline alipoona picha akauliza, "Huyu ni nani?"

"Njo bwana yangu."

"Yuko wapi?"

"Alisafiri," nikasema. Ningesema amekufa, angeniuliza lini na wapi na nani alimzika, na mimi nilikuwa nimechoka kujibu maswali hayo kwa neno hapana.

Nikalipia uongo huo papo hapo. Jioni alibandika ukutani kikaratasi kilichochapwa vizuri: *Wivine, mzaliwa wa Butembo. Wasiokuja. Kitenge, mikeka, picha, chai. Kazi kuhusu kungoja.* Nilikisoma mara tatu. Miaka minne natafuta pa kuutua mzigo wa kungoja, na sasa umebandikwa ukutani kwa jina langu. Na chai, maskini, imeandikwa pamoja na vifaa. Hakuna mtu atakayekunywa kifaa.

Maonyesho yalikuwa katika ghala la zamani la kahawa, Kasese mjini, karibu na reli isiyopitisha treni. Harufu ya magunia ilikuwa bado kwenye kuta. Alhamisi asubuhi nilivaa gauni langu kwa mara ya kwanza, chooni, bila kioo. Nikaketi katikati ya mikeka, nikanyoosha miguu, mgongo ukutani, kama anavyoketi mke wa marehemu. Mackline akasema, "Sawa kabisa, kaa hivyo hivyo." Kisha wakaja wale walambaji, na baada yao ikaja kamba.

Nilijifunza mambo mengi kuhusu kutazamwa. Watu husimama mbele ya kazi ya sanaa kwa muda wa kusema Baba Yetu moja, wengine hawafiki hata "utusamehe". Wanasoma karatasi kwanza, kisha ndipo wanakutazama, kuona kama unafanana na karatasi. Mwalimu mmoja alileta wanafunzi wake, akawaeleza kwamba mama huyu anaonyesha uvumilivu wa mwanamke wa mpakani. Nilitaka kumwambia mama huyu hana uvumilivu hata kidogo. Kijana mmoja alinigeuzia mgongo akajipiga picha na mimi nyuma yake. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Walininyamazia kwa heshima, wakainamisha vichwa, wakaenda kwenye kofia za wachimbaji.

Mlangoni alikuwepo Baker, mlinzi, mwanajeshi mstaafu, na wote tulimwita afande. Kamba ile aliipenda mara moja. Ilikuwa inampa kazi. Mtoto akisogeza kidole tu, utasikia, "Wewe! Rudi nyuma. Kamba ni kamba." Siku ya pili nilijaribu kuilegeza upande mmoja, ishuke chini watu waivuke. Nilipogeuka akawa ameshaifunga upya, fundo la kijeshi.

Ijumaa alikuja Vasta. Vasta ni jirani yangu wa Bwera, kibaraza chake kinapakana na changu, anauza viatu. Nilimwona tangu mlangoni, nikajiweka sawa mkekani, kwa sababu Vasta ameketi misiba mingi, anaijua mikeka. Akaja mpaka kwenye kamba. Akaiona picha ya Fidèle, akaziona gauni, akaniona nimenyoosha miguu. Uso wake ukabadilika. Nakuapia, mguu wake wa kulia ulitoka kwenye kiatu, akaunyanyua. Kisha macho yake yakaenda kwenye karatasi, akasoma USIKANYAGE MKEKA, na mguu ukarudi ndani ya kiatu.

"Gauni inakukaa vizuri, Wivine," akasema.

"Aksanti."

"Umesikia kitu?"

"Bado."

Akasema Mungu yuko. Akaenda kutazama mitumbwi ya Asuman. Nilimtazama mgongo wake mpaka akatoka nje, nikamchukia kwa dakika nzima, halafu nikajichukia mimi, maana ningesema neno moja tu angeketi. Lakini matanga hayaombwi. Ukiyaomba umepewa sadaka, hukuliliwa mtu. Jioni nilimwaga chai yote ikiwa baridi, nikaosha vikombe ishirini safi.

Jumamosi wageni wa Kampala walifika na miwani yao na mazungumzo yao ya chini chini. Kulikuwa na hotuba tatu. Msemaji mmoja alisema sanaa huwaleta watu pamoja, nami nikiwa nimekaa peke yangu juu ya mikeka ya watu ishirini. Saa kumi na mbili ghala lingefungwa. Ilipofika saa tisa nilikuwa nimeanza kuhesabu kwa kichwa jinsi ya kufunga mzigo, gauni chini, vikombe juu. Nikamwambia Fidèle kimya kimya, basi tena, nimejaribu. Nilimwonea uchungu kuliko nilivyojionea mwenyewe. Mtu mzima, mcheshi vile, aliyekuwa akiwasalimia hata mbuzi wa watu, miaka minne hajapata hata mtu mmoja wa kumketia.

Hapo akaingia mama mmoja mfupi, amefunga leso kichwani, ndala miguuni, anatembea polepole kwa kuegemea pembeni. Kilichonifanya nimtazame ni miguu yake. Ilikuwa imepasuka mpaka magotini, yenye vidonda vya zamani na vya jana, kama ilivyo miguu ya wanawake wanaoshinda ndani ya maji ya chumvi. Hakutazama kitambaa cha mlangoni wala karatasi yoyote. Alikwenda moja kwa moja kwa Nobert.

"Wewe kijana," akamwambia, "hii ni chumvi yangu ya mwezi wa pili. Iko safi sana ile. Nilifikiri watu watakula."

Nobert akaona haya. Akamwita Mama Kabugho, akaanza kumweleza habari za babu yake na mafuriko. Mama Kabugho alisikiliza mpaka mwisho, akaipapasa ile kona iliyolambwa, Baker akakohoa, yeye hakumjali. Kisha akageuka.

Aliniona. Akatazama picha, rozari, gauni za kitambaa kimoja, mikeka, gauni nililovaa, miguu yangu. Hakuchukua muda hata wa nusu ya Baba Yetu. Akavua ndala, akaziweka sambamba nje ya kamba. Akaishika kamba, akaiinua juu ya kichwa chake kama mtu apitaye chini ya kamba ya nguo.

"Mama!" Baker akaja kwa hatua ndefu. "Toka ndani. Hakuna ruhusa. Kamba ni kamba."

"Afande, hapa iko kilio," Mama Kabugho akasema bila kupandisha sauti. "Mimi nitasimamaje mbele ya kilio?"

Baker akanitazama mimi, akaitazama picha. Akarudi nyuma hatua moja.

Mama Kabugho akaketi kando yangu, akanyoosha miguu yake iliyopasuka sambamba na yangu. Alinuka moshi na magadi. Hakusema kitu. Ndivyo inavyotakiwa, unaketi kwanza. Tulikaa hivyo muda mrefu, mabega yakigusana, na mimi niliogopa hata kupumua, nisije nikamfukuza.

"Ni nani?" akauliza.

"Bwana yangu. Fidèle."

"Alikufa lini?"

Miaka minne watu wameniuliza nimesikia nini. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza alikufa lini. "Miaka ine," nikasema.

"Mulimuzika wapi?"

"Hatukumuzika. Hatukumuona. Familia inasema hatuwezi kumulia mutu wenye hatukuona."

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayesikia habari anayoifahamu. "Kaka yangu ilibakia kwa ziwa, pale kwetu Katwe. Boti ilirudi, yeye hapana. Wazee walisema tungoje maji imurudishe. Mama yangu alikataa. Tulivuta boti mpaka nyumbani, tukaketi kando yake siku tatu, tukalia boti." Akaashiria picha kwa kidevu. "Wewe uko na picha. Inatosha."

Akanyoosha mkono kwenye termosi, akajimiminia chai, akanimiminia na mimi. Ilikuwa vuguvugu. Akanywa kikombe chote, akakiweka chini.

"Haya," akasema. "Tumulie."

Akaanza yeye, kwa sauti ya chini, ile ya wanawake wa milima yetu, isiyo na maneno. Mimi nikafungua mdomo nikidhani hakitatoka kitu. Kilichotoka sikukitambua kuwa ni changu. Nilimlia Fidèle. Nilimlia kwa jina, nikamlia na pikipiki yake iliyosimama vizuri, nikasema amekufa, Fidèle amekufa, mume wangu amekufa, na kila nilipolisema neno lile Mama Kabugho aliitikia, "Amekufa," na mkono wake ulikuwa mgongoni kwangu. Sijui tulilia kiasi gani. Nilisikia viatu vikija, watu wakikusanyika nyuma ya kamba, lakini walikuwa mbali.

Tulipotulia, wakapiga makofi.

Ndiyo. Wageni wa Kampala, wanafunzi, watu wa mjini, simu zimeinuliwa juu, walipiga makofi kwa dhati kabisa, na mwanamke mmoja alikuwa anafuta machozi huku anapiga. Mama Kabugho akawatazama mmoja mmoja kwa mshangao, kisha akaniuliza kwa sauti ndogo kama hawa watu wana akili nzuri.

Baker ndiye aliyevuka kamba, akasimama mbele yetu, akawageukia. "Nyinyi! Simu weka chini. Kofia toa. Hii ni matanga." Makofi yakafa. "Kaa chini ama toka nje."

Wengi walitoka, kwa haya zaidi kuliko kwa kukataa. Mackline alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili. Alikuja akaifungua kamba, lile fundo la kijeshi likamshinda, akaikata kwa wembe. Kisha akaketi ukingoni mwa mkeka akiwa na viatu vyake, akakumbuka, akavivua. Nobert akaketi. Hawakujua wafanye nini na mikono yao. Nikawamiminia chai.

Mama Kabugho alikaa mpaka gari la kurudi Katwe lilipokuwa linaondoka. Nilimpa gauni la Chérie, likambana kiunoni, akasema atalifumua pembeni. Hatukupeana namba. Ghala likafungwa saa kumi na mbili, na nikabaki nje na mzigo wangu, gauni kumi chini, vikombe juu.

Video ilifika Butembo kabla mimi sijafika Bwera. Mbusa alipiga simu nikiwa bado sijafungua mlango.

"Nimeona," akasema. "Bamekupigia makofi. Matanga ya mudogo wangu, batu banapiga makofi."

"Ndiyo. Na weye ulikuwa wapi?"

Nilisikia pumzi zake, na nyuma yake sauti ya mama mkwe ikiuliza ni nani. Kisha simu ikakatika, na mpaka leo hajapiga tena. Gauni la mama mkwe, lile fupi mbele, lipo kabatini limekunjwa.

Wiki iliyofuata alifariki mzee mmoja nyuma ya soko. Nilivaa gauni langu la buluu, nikaenda. Sitasema nilikuwa na furaha. Nilitembea njia nzima nikijua kwamba sasa naenda kuwa kitu ambacho sikuwahi kutaka kuwa, na kwamba hakuna wa kurudi naye nyumbani. Uani wanawake waliniona, mmoja akaniita, "Wivine, sufuria ziko huku." Vasta alikuwa miongoni mwao, mikono imejaa povu. Alinitazama, akamshika yule mwenzake mkono, akamnong'oneza kitu, naye akanyamaza.

Nikavua viatu mlangoni. Wajane walikuwa kwao, karibu na mfiwa, wengi wazee, mmoja mdogo kuliko mimi. Yule wa mwisho akavuta miguu yake kunipa nafasi, bila kunitazama, kama unavyompisha mtu wa kila siku. Nikaketi. Mkeka ulikuwa baridi, na hakuna aliyeniuliza kama nimesikia kitu.